Mifuniko ya Mteremkoni

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kasi alikuwa na kazi yake: kuitoa baiskeli ya baba sebuleni, kuzijaza tairi upepo, kuufuta mnyororo kwa kitambaa chenye mafuta, kisha kuiegemeza ukutani karibu na mlango. Ilikuwa baiskeli nyeusi, kuukuu, yenye tairi nyembamba ambazo siku hizi hata madukani huzipati mpaka uzunguke mji mzima. Mama aliilalamikia kwa kuchafua ukuta. Majirani walimtania baba kwamba mtu wa ofisini kupanda mkweche kama ule ni kujitafutia aibu. Baba alicheka tu na kuwaambia kuwa ule mkweche ndio chombo chake cha kazi.

Baba alikuwa mkaguzi wa ujenzi katika manispaa. Kazi yake ilikuwa kuzikagua njia mpya za watembea kwa miguu na waendesha baiskeli, kabla mkandarasi hajaondoka na watu hawajaruhusiwa kupita. Hakutoka nyumbani bila futi ya kupimia kiunoni, ndiyo maana mji mzima ulimwita Bwana Futi. Alipima upana wa njia, akapima urefu wa vyuma vya kushikilia darajani, akamwaga ndoo za maji aone kama yanatiririka au yanatuama. Lakini kazi aliyoiamini kuliko zote ilikuwa ya mwisho: kuipita njia nzima kwa baiskeli, yeye mwenyewe, kwanza polepole, halafu kwa mwendo wa mtu aliyechelewa kazini.

“Tairi nene husamehe makosa ya fundi,” alikuwa akimwambia binti yake. “Hizi nyembamba hazisamehi. Baiskeli hii ikipita salama, kila mtu atapita salama.”

Binti mwenyewe alipewa jina la Kasi na wenzake shuleni, maana hakuna alichokifanya taratibu. Alikula mbiombio, aliandika mbiombio mpaka mwalimu akashindwa kumsoma, na akiwa juu ya baiskeli hata kuku wa mtaani walijua kumpisha. Hakuwa mtoto mbaya. Alikuwa mtoto wa kutaka kila kitu kiishe upesi ili aende kwenye kingine, na tabia hiyo watu wazima waliichekea, wakaona ni uchangamfu. Laiti wangeikemea mapema.

Mwaka ule manispaa ilikuwa ikijenga njia mpya kutoka mitaa ya juu, kupitia nyuma ya shule, mpaka sokoni kule chini. Watu waliisubiri kwa hamu, kwa sababu barabara kuu ilikuwa imeua. Malori yalipita pale kama yanakimbizwa, na kila mtaa ulikuwa na mtu wake wa kumlilia. Mwalimu mkuu alikuwa amewaambia wanafunzi wavumilie kidogo tu, kwamba njia ikifunguliwa hawatakanyaga tena ukingo wa ile barabara.

Njia ikiwa karibu kukamilika, baba aliteleza kwenye shimo la msingi wa daraja akaumia goti. Goti likavimba kama boga. Daktari akamkataza kupanda baiskeli mpaka atakapomruhusu, na baba akawa wa kukaa kitini na kuchechemea na mkongojo. Ofisini hawakuwa na subira naye. Mhandisi mkuu alikuwa amekwisha kumwahidi meya siku ya ufunguzi, na alimpigia baba simu asubuhi akampigia tena mchana, akiuliza kama njia nzima itasubiri goti la mtu mmoja.

Siku hiyo Kasi aliporudi kutoka shule, alimkuta baba sebuleni, mguu juu ya kigoda, uso umemkunjika. Alimwita akae karibu naye. Alimweleza kwamba alikuwa ameshakagua karibu kila kitu kabla ya kuumia, ila kuna kipande kimoja kule chini, penye mteremko, ambacho kilimaliziwa baada yake. Pale mtaro mpana wa maji ya mvua unaikata njia, na juu ya mtaro mafundi waliweka mifuniko ya nondo. Baba alikuwa ameiona mifuniko hiyo kwa mbali tu, kupitia dirisha la gari la ofisi.

“Utapita njia nzima kwa ajili yangu,” alisema. “Ukifika chini, shuka kwenye baiskeli uiangalie ile mifuniko. Nondo zake lazima ziikate njia, kama vidato vya ngazi. Zikilala kuelekea unakokwenda, gurudumu linazama katikati yake na mtu anarushwa. Umenielewa?”

“Nimekuelewa, baba.”

Mama, aliyekuwa akikunja nguo pembeni, alisema kwamba kazi ya mtu mzima haigawiwi mtoto. Baba akamjibu kuwa ni kupita tu, na kwamba hapakuwa na mtu mwingine aliyeizoea baiskeli ile. Mama alizikunja nguo zilizobaki kwa nguvu kuliko inavyohitajika.

Njia ilikuwa tupu, imefungwa kwa mapipa kila mwanzo. Kasi alipenya kati ya mapipa akaanza kuendesha, na zege lilikuwa laini kiasi kwamba hakusikia ila upepo masikioni. Alifanya kama alivyoona baba akifanya: akapita polepole, akarudi, akapita mbio. Alikuwa na furaha isiyo na kifani. Alipofika nyuma ya shule, kabla ya mteremko, akamwona rafiki yake ameketi kwenye ukingo wa njia.

Rafiki huyo walikaa naye dawati moja. Baba yake alikuwa muuza maziwa, na wanafunzi walimbandika jina la Mtindi. Mwanzoni alilia, kisha akaamua kulipenda jina lenyewe, na tangu hapo hakuna aliyeweza kumchokoza nalo. Mtindi hakujua kuendesha baiskeli kwa sababu baiskeli ya baba yake ilikuwa na madumu ya maziwa muda wote. Aliitazama ile ya Bwana Futi kwa macho ya tamaa, akaomba ajaribu kidogo tu.

Hiyo kidogo ikawa jioni nzima. Kasi alimshikia kiti kwa nyuma, Mtindi akayumba, akaanguka, akainuka, wakacheka mpaka mbavu zikauma. Mwishowe Mtindi aliendesha peke yake mwendo mfupi, akapiga kelele za ushindi, halafu akakumbuka kwamba nyumbani walikuwa wakimngoja aoshe madumu. Akaaga akaondoka mbio.

Kasi alibaki peke yake juu ya mteremko. Mawingu yalikuwa yamekusanyika. Alitazama chini akaiona mifuniko, myeusi, imepangwa vizuri, hakuna uliochomoza. Kushuka kulikuwa raha, lakini kupanda tena akisukuma mkweche ule mzito mvua ikimpiga mgongoni kulikuwa jambo jingine. Akajiambia kwamba mafundi wanaijua kazi yao na kwamba mifuniko ni mifuniko. Akageuza baiskeli akarudi nyumbani.

Baba alikuwa anamngoja mlangoni. Alimuuliza kama alifika mpaka chini.

“Nimefika.”

“Na mifuniko?”

“Iko sawa, baba. Nondo zimekata njia, kama ulivyosema.”

Aliyasema hayo kwa macho makavu, wala hakusita. Baba akashusha pumzi, akamshukuru, akampigia simu mhandisi mkuu kumwambia njia iko tayari. Kesho yake akaenda ofisini na mkongojo wake akatia saini kwamba ameipita njia yote kwa baiskeli na ameridhika nayo, na kwa haraka waliyokuwa nayo hakuna aliyeuliza alipandaje.

Ufunguzi ulifana. Meya alikata utepe, wanafunzi wakaimba, watu wakaijaza njia kwa miguu. Waliokuwa na baiskeli za tairi nene walipita mteremkoni wakatikisika kidogo, wakadhani ndivyo ilivyo. Wengi walishuka wakakokota. Basi siku za mwanzo zilipita bila neno, na Kasi, aliyekuwa na wasiwasi kidogo usiku ule wa kwanza, akasahau kabisa.

Muuza maziwa ndiye aliyekuwa na baiskeli ya tairi nyembamba. Asubuhi moja, mwanga ukiwa haujatimia, aliteremka na madumu yake yamejaa, akifurahi kwamba safari hii hana haja ya kugombania barabara na malori. Gurudumu la mbele lilizama kati ya nondo mbili likanasa hapo hapo. Baiskeli ikasimama, yeye hakusimama. Wanawake waliokuwa wakienda sokoni walimkuta amelala kifudifudi kwenye zege, maziwa yametapakaa mteremko mzima yakichanganyika na damu, na hawakujua waanze kumshika wapi. Taya lilikuwa limevunjika. Jicho moja lilichomwa na mpini wa breki, na madaktari hawakuweza kuliokoa.

Habari ilifika shuleni kabla ya kengele. Kasi aliisikia akiwa langoni. Alijua mara moja. Hakuhitaji kuambiwa nondo zilikuwa zimelala vipi.

Mtindi hakuonekana shuleni juma lile. Aliporudi alikuwa amekonda, sare haikupigwa pasi, na hakumtazama mtu. Walikaa dawati moja kama siku zote. Mwalimu alipotoka nje kidogo, Mtindi aligeuka.

“Siku ile uliponifundisha baiskeli,” alisema, “ulishuka mpaka chini?”

Hapo ndipo Kasi alipokuwa na nafasi ya kusema. Alimtazama rafiki yake, akaogopa yale macho kuliko alivyowahi kuogopa kitu chochote.

“Nilishuka ulipokwisha kuondoka.”

“Na mifuniko ilikuwa sawa?”

“Ilikuwa sawa.”

Mtindi aliitikia kwa kichwa. “Basi kuna mtu aliigeuza,” alisema. “Mungu anamwona.”

Na watu wazima nao walikuwa wamefikia hapo hapo. Mkandarasi alisema mkaguzi aliipokea njia ikiwa safi, tena mkaguzi mwenyewe anajulikana kwa kutoacha hata ufa wa unywele, kwa hiyo kosa lilifanyika baadaye. Mifuniko ilikuwa ya mraba, ingeweza kukaa upande wowote. Nani basi huinua mifuniko ya mitaro? Wasafishaji. Na msafishaji wa mtaro ule alikuwa mmoja tu, mwanamke aliyeitwa Mama Reki kwa sababu ya reki yake ya mpini mrefu.

Kasi alimjua vizuri. Mama Reki alisafisha mtaro unaopita ukuta wa shule, na kila mpira uliotumbukia humo aliutoa, akauosha, akaurusha uwanjani kwa mkono wake mwenyewe, huku akiwatania wanafunzi kwamba timu yao inafunga mtaroni kuliko golini. Sasa alisimamishwa kazi. Alisema hakuwahi kuinua mifuniko ile, kwamba uchafu huuvuta kwa reki kutoka mdomo wa mtaro, lakini alikuwa ameonekana mteremkoni siku moja kabla ya ajali, na hilo liliwatosha watu. Mwenye duka alikataa kumwuzia sukari. Wanawake waliokuwa wakipiga naye soga bombani walinyamaza akifika. Ikasemekana atafikishwa polisi.

Kasi alikuwa akilala akiamka na jambo hilo. Chakula alikiacha nusu. Alijiambia kwamba wakubwa watagundua wenyewe, kwamba Mama Reki atapata kazi nyingine, kwamba ameshachelewa kusema. Mama alimpima homa kwa kiganja, akakuta hana.

Siku moja jioni baba aliweka njiti za kiberiti juu ya meza. Mkongojo ulikuwa umeegemea kiti chake. Kesho yake, alieleza, mhandisi mkuu angekutana na watu wote pale mteremkoni kulimaliza suala lile, na yeye baba angetoa ushahidi. Hakutaka kukosea. Alimwomba Kasi apange njiti kama alivyoziona nondo siku ile.

“Nitasema mbele ya watu, na mwanamke wa watu atapoteza kazi, labda na zaidi,” alisema baba. “Kwa hiyo nataka uhakika. Chukua muda wako.”

Kasi alizipanga njiti moja baada ya nyingine, zikiikata meza kama vidato vya ngazi. Hakuinua macho hata mara moja. Baba aliona, akadhani ni huruma kwa Mama Reki, akamshika begani akamwambia kwamba kusema kweli wakati mwingine kunaumiza. Maneno hayo yalimchoma Kasi kuliko kofi.

Kesho yake walikusanyika mteremkoni. Mifuniko ilikuwa imefunikwa kwa mbao tangu siku ya ajali, na mkandarasi aliamuru mbao ziondolewe. Palikuwa na mhandisi mkuu na karatasi zake, mama yake Mtindi aliyejitanda kanga na uso mkavu, Mama Reki peke yake upande wa pili, na baba na mkongojo wake. Kasi aliletwa kwa sababu baba alikwisha kumnong'oneza mhandisi kwamba mtoto alikuwepo.

Baba alisema mifuniko ilikuwa sawa siku ya ukaguzi. Alisema kwa sauti yake ya kazini, taratibu, na hakuna aliyemtilia shaka, kwa sababu hakuna aliyewahi kumkamata Bwana Futi na neno la uongo. Mhandisi akamgeukia Kasi, akainama kidogo.

“Na wewe, binti, uliona hivyo hivyo?”

Kabla Kasi hajajibu, Mama Reki alizungumza. Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka.

“Msimsumbue mtoto,” alisema. “Labda ni mimi. Juma lile nilikuwa na homa, nafanya kazi kama mtu aliye ndotoni. Huenda niliinua nikasahau. Bwana Futi hasemi uongo, na mtoto huyu hana sababu ya kunisingizia.” Akamgeukia mama yake Mtindi. “Kama ni mimi, dada, nisamehe.”

Kasi alimtazama mwanamke yule akiomba msamaha kwa kosa asilolifanya, akiisadiki hata kumbukumbu ambayo hakuwa nayo, kwa sababu tu watu wawili walioaminika walisema hivyo. Kitu kilimkatika ndani. Alianza kulia kwanza, maneno yakafuata.

“Sikushuka,” alisema. “Sikufika huku chini. Nilicheza na baiskeli kule juu, mvua ikataka kunyesha, nikarudi. Nilimdanganya baba. Sikuiona mifuniko. Mama Reki hajafanya kitu.”

Baba alimtazama kwa muda, na uso wake ulishuka kama wa mtu mgonjwa. Kisha akamkabidhi mhandisi mkongojo, akapiga goti zima chini, na lile bovu akalinyoosha pembeni kwa maumivu. Akapitisha kidole kwenye pembe ya mfuniko wa kwanza, akaenda wa pili, akaenda wa tatu. Katika kila pembe palikuwa na saruji iliyomwagika wakati wa ujenzi ikakaukia hapo, ikiunganisha mfuniko na ukingo wake. Haikuwa imepasuka popote.

“Mifuniko hii haijainuliwa tangu ilipowekwa,” alisema bila kuinua kichwa. “Mtu yeyote angeinama angeona. Hatukuinama, kwa sababu palikuwa na neno langu.”

Mkandarasi alianza kuitazama simu yake ambayo haikuwa imelia. Mhandisi aliuliza, kwa sauti ya chini, nani basi aliipita njia siku ile.

“Hakuna,” alisema baba. “Niliandika kwamba nimepita mimi, na sikupita. Nilimtuma mtoto nikatia saini kama kwamba ni miguu yangu. Kosa la mwanangu ni lake, nitamkanya mimi. Hili jingine ni langu, andika jina langu.”

Mama yake Mtindi hakumtazama Kasi wala baba yake. Alijitanda kanga vizuri akaanza kupanda mteremko peke yake. Mama Reki ndiye aliyemsaidia baba kuinuka.

Mambo yalirekebishwa upesi, kama mambo yanavyorekebishwa yakishaharibika. Siku ile ile mafundi waliivunja ile saruji, wakaigeuza mifuniko, wakaichomelea isiweze kuwekwa vibaya tena. Mama Reki alirudishwa kazini, na baba alimwomba radhi mbele ya wafanyakazi wote wa manispaa, ingawa mwenye duka na wale wanawake wa bombani hawakumwomba chochote. Mkandarasi na manispaa walibeba gharama za matibabu. Baba aliondolewa kwenye ukaguzi akapelekwa ghala ya vifaa, kugawa makoleo na ndoo, na baiskeli nyeusi, ambayo ilikuwa mali ya manispaa, akapewa mkaguzi mpya. Ukuta wa sebuleni ukawa safi. Mama, aliyeulalamikia muda wote ule, aliutazama akalia.

Baba alimpeleka Kasi kwa muuza maziwa akaseme mwenyewe. Mgonjwa alikuwa amelala kitandani, macho, taya limefungwa kwa waya, kitambaa kimefunika lilipokuwa jicho. Kasi alisema yote, hakuficha hata kile alichomwambia Mtindi darasani. Muuza maziwa alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akageukia ukutani. Hakuweza kusema kwa sababu ya taya, na pengine hata angeweza asingesema.

Nje, Kasi alimwomba mama yake Mtindi amruhusu kusaidia kupeleka maziwa asubuhi, maana alijua kwamba sasa Mtindi ndiye anayekokota ile baiskeli, na baada ya hapo huja shule akisinzia.

“Maziwa yanachacha,” mama yule alijibu. “Sina muda wa kukukataa. Njoo alfajiri.”

Basi wakawa wanakokota pamoja, mmoja kwenye usukani, mwingine nyuma akiyashika madumu. Mtindi alikuwa amehamia dawati jingine, na njiani hakuzungumza ila la lazima: shika, ngoja, nyumba hii wanachukua dumu dogo. Asubuhi ya kwanza walipofika chini ya mteremko, Mtindi alisimamisha baiskeli kabla ya mifuniko.

“Imegeuzwa,” alisema Kasi. “Imechomelewa kabisa. Pita tu.”

Mtindi alimpa usukani, akachutama, akaipapasa nondo moja moja kwa kiganja, kuanzia mfuniko wa kwanza mpaka wa mwisho. Kisha akainuka, akachukua usukani wake, wakapita. Kesho yake akafanya vile vile, na kesho kutwa yake, ingawa nondo zilikuwa pale pale.

Kasi alivumilia, halafu jioni moja akamwambia baba yake, akilia, kwamba Mtindi anaona kwa macho yake kila siku na bado haamini.

Baba alikuwa akivua viatu vyake vyenye vumbi la ghala.

“Mwanangu, Mama Reki hakuhukumiwa kwa uongo wako,” alisema. “Uongo wa mtoto nani angeujali? Alihukumiwa kwa neno langu mimi, ambalo nililijenga tangu ujana bila kulichafua. Wewe uliniwekea uongo mdomoni, nami nikausema kwa moyo mweupe. Ukimdanganya anayekuamini, humdanganyi yeye peke yake. Unamfanya aende kuwadanganya wote wanaomwamini yeye. Na mimi nilikufungulia mlango, nilipoandika kwamba nimefanya kazi ambayo sikuifanya.”

“Sasa nifanye nini, baba?”

“Mwache aangalie. Usimharakishe, usimwambie tena pita tu. Kila asubuhi shika baiskeli, usubiri amalize. Huenda akaangalia mwaka mzima. Ni haki yake.”

Asubuhi iliyofuata, walipofika chini, Kasi ndiye aliyefunga breki kabla ya mifuniko. Alishika usukani kwa mikono miwili, asiseme kitu. Mtindi akachutama, akaweka kiganja kwenye nondo ya kwanza.